Gemu Isiyo na Haraka

Magamba, Lushoto
2 Machi 1998

Mdogo wangu Jafari,

Marahaba ya ile shikamoo uliyonipa kwenye kadi ya Idi. Kadi ilikuwa nzuri, ina maua, ingawa maneno yalikuwa machache kama ya mtu anayelipia kila herufi. Dada yako nimeshazoea.

Huku tupo, na mvua zipo. Hizi za Elinino zimetukalia vibaya. Barabara ya kushuka Mombo imemeguka tena juu ya mto, magari ya mboga yanalala njiani, na kabichi zetu zinapasukia shambani bila mnunuzi. Mama magoti yanamsumbua lakini ukimwambia asipande shamba la juu anakuuliza kwani wewe ndiye uliyemzaa. Shemeji yako Hamisi bado anafundisha darasa la tano na bado anaacha chaki kwenye mifuko ya shati ninalofua mimi. Baba yupo.

Sasa jambo lenyewe. Ile mashine ya gemu uliyotutumia kwenye Idi inafanya kazi vizuri kwenye televisheni ya Hamisi, umeme ukiwepo. Ile kaseti iliyokuja nayo, ya magari, hatuitaki. Kuna mtu hapa nyumbani amemwona Kapteni Almaro kwenye katuni za Jumamosi, yule anayeruka na blanketi jekundu mgongoni, akaonyesha anamtaka huyo. Wewe unauza gemu kutwa nzima, hivyo nakuuliza kama mtaalamu: katika gemu zote za Almaro, ipi ndiyo bora? Tutumie hiyo, usitutumie inayokudodea dukani.

Kula vizuri. Dar joto lisikukondeshe.

Dada yako,
Faudhia


Kariakoo, Dar es Salaam
19 Machi 1998

Dada Faudhia, shikamoo.

Barua imefika ikiwa na alama ya maji kila kona, kana kwamba imeogelea kutoka Mombo. Shikamoo yangu mfikishie mama, na umwambie dawa ya kuchua ya magoti inakuja na mzigo huu. Shikamoo kwa shangazi Hadija wa Mtae mkionana. Shemeji Hamisi msalimie sana, mwambie chaki haiivi kwenye pasi. Wasalimie na majirani wote wa juu na wa chini.

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Hapa dukani tunabishana juu ya gemu za Almaro mpaka tajiri anatufokea turudi kwenye kazi. Huyu Kapteni ni wa siku nyingi, dada. Alianzia kwenye vitabu vya picha kabla mimi na wewe hatujazaliwa, akaingia kwenye katuni, na sasa ana gemu nyingi na si zote za kweli. Kuna inayoitwa Almaro wa Pili ambayo ni uongo mtupu: juu ya kaseti amechorwa yeye, ukiwasha unakuta sungura anaokota karoti. Hiyo wakikuuzia Lushoto mjini, irudishe.

Ya kwanza ni nzuri ila fupi. Anaruka juu ya mapaa, anampiga adui wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha unaambiwa hongera ukalale. Iliyo bora, na hapa Kariakoo nzima itanishuhudia, ni Almaro Vita vya Anga. Maadui wanakuja mbele na nyuma, risasi kama mvua zenu hizo, unabonyeza mpaka kidole kinaota sugu. Nakutumia hiyo. Najua mchezaji ni shemeji, hakuna haja ya kumficha. Mwalimu mzima anaona haya kutaja jina lake.

Mdogo wako,
Jafari


Magamba
14 Aprili 1998

Jafari mdogo wangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika, mama anajichua asubuhi na jioni na nyumba nzima inanuka hospitali. Ameomba dua ndefu kwa ajili yako, nyingine kwa Kishambaa ili Mungu asikose kuelewa. Hongea, asante kwa kaseti pia. Mvua zimepungua, barabara imefunguliwa upande mmoja, na tumeuza karoti kidogo.

Barua yako niliisoma kwa sauti baada ya chakula kama tunavyosoma barua zako zote. Nilipofika kwenye salamu, ulipomaliza shangazi Hadija na kabla hujaanza utani wako wa chaki, nilitia maneno yangu. Nilisema, “Na baba, shikamoo.” Nilisema haraka, kwa sauti yako. Mama akaniangalia. Baba alinyoosha mkono akaitaka barua. Akaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, akaiweka chini na kugeukia dirishani. Nilitamani nizame chini ya zulia. Sasa nakuuliza bila kuzunguka: umemwamkia shangazi aliye Mtae, ukasalimia majirani wa juu na wa chini, baba yako amekosa hata mstari mmoja?

Kuhusu gemu. Labda Kariakoo nzima ina vidole vya chuma, sisi hapa imetushinda. Mtu wetu anakufa kabla Kapteni hajakunja mguu. Anatumia kidole gumba kimoja tu, na hicho kinataka kwanza kufikiri. Anachokipenda ni pale mwanzo, kabla ya kubonyeza chochote, Kapteni anaposimama juu ya mnara na upepo unapepea blanketi. Anaweza kukaa akimtazama hapo muda mrefu. Je, Almaro hana gemu isiyo na haraka? Ambayo mtu akikawia, inamsubiri?

Hamisi anasema yeye siye. Anasema pia atakulipiza juu ya chaki.

Dada yako,
Faudhia


Kariakoo
3 Mei 1998

Dada, shikamoo.

Shikamoo kwa mama. Nashukuru kwa dua, hasa za Kishambaa, maana wiki hii tumepata wateja mpaka tukafunga mlango. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine Buguruni, kina dirisha.

Umeniuliza bila kuzunguka, nami nitajibu hivyo hivyo. Asubuhi niliyoondoka, ulikuwa bado unakaa kwako kwa Hamisi, hamjahamia hapo nyumbani, hukuona. Baba alikuwa amekaa barazani anafunga buti, mimi nimesimama mlangoni na begi. Jana yake alikuwa amesema mbele ya wazee na mbele ya meneja wa bustani ya miche, aliyenipatia ile kazi ya msitu, kwamba mtu mzima hawezi kula kwa kuuza michezo, na kwamba anayeacha miti akafuate mashine za kuchezea hajui kwao. Nilikubali kumeza hayo. Nilimwambia, “Shikamoo baba.” Alisikia, kwa sababu mkono uliokuwa unafunga kamba ulisimama. Kisha ukaendelea na kamba. Nikangoja. Basi la Dar likapiga honi kule chini na bado hakuitikia.

Wewe unajua mtu akinyimwa marahaba na baba yake anakuwa nani. Kwa hiyo si kwamba sijamwamkia. Nimemwamkia, ile shikamoo iko pale pale mlangoni tangu mwaka juzi, na siwezi kumpelekea ya pili wakati ya kwanza haijapokewa. Usitie tena maneno ambayo sikuandika, dada, tafadhali. Hata kama ulinifanyia wema.

Tuache hayo. Gemu isiyo na haraka ipo, na utanicheka. Inaitwa Almaro na Mnara wa Saa. Hapa dukani ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kila anayeinunua anairudisha kesho yake akisema imelala. Hakuna adui hata mmoja. Mnara wa mji umebomoka, Kapteni anabeba mawe moja moja na kulipanga kila moja mahali linapoenea. Ukikosea, anakuna kichwa, anakungoja. Ukienda kunywa chai ukarudi, bado anakungoja, blanketi linapepea. Mwanzo inakuomba uandike jina lako, unasogeza mshale juu ya herufi na kuchagua moja moja, haizidi herufi nane. Ubaya wake haikumbuki: ukizima umeme, jina na mnara vyote vinakwenda.

Niliicheza juzi baada ya duka kufungwa ili nijue nakutumia nini. Nilikusudia dakika chache, nikakaa mpaka mlinzi akanifukuza. Sijui kwa nini nilikuwa nawaambia watu ni mbaya.

Sasa swali langu. Shemeji Hamisi ndiye aliyenifundisha kucheza bao, ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Si yeye. Mama hajui hata kuwasha redio. Huyo mtu wa kidole kimoja ni nani? Na hicho kidole ni cha mkono gani?

Mdogo wako,
Jafari


Magamba
30 Mei 1998

Jafari,

Marahaba. Leo salamu zitakuwa fupi. Mama mzima, Hamisi mzima, mimi mzima.

Kidole ni cha mkono wa kulia, na ni cha baba.

Alianguka kabla ya mfungo, kwenye shamba la kabichi, asubuhi kweupe. Mama alidhani ameinama kung'oa magugu. Upande wote wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito. Anaelewa kila kitu, anasoma, lakini maneno hayatoki, yanatoka mavumo tu, naye akiyasikia anaona haya ananyamaza. Tulimlaza hospitali mpaka karibu na Idi. Siku tuliyorudi nyumbani nilichukua karatasi nikuandikie. Akauona mkono wangu, akaleta wake wa kushoto akauweka juu ya karatasi, akaukandamiza hapo, akatikisa kichwa. Nilimwuliza, “Jafari asijue?” Akafumba macho, ndiyo. Kwa hiyo nimekuwa nakuandikia “baba yupo”. Hata wanaoshuka Kariakoo na mboga nimewaomba wafunge midomo. Lakini leo umeniuliza ni mkono gani, na kumdanganya mtu aliyeuliza vizuri namna hiyo siwezi.

Hospitali walimpa mpira laini aminye kila siku ili vidole viamke. Aliurusha nje, ukaokotwa na mbuzi wa jirani. Yeye, msimamizi wa wapasua mbao wa Magamba nzima, aminye mpira wa watoto. Tukabembeleza mpaka tukachoka. Kisha ikaja mashine yako. Jioni moja Hamisi alikuwa anacheza, baba akanyoosha mkono wa kushoto akachukua pedi ya kubonyezea, akaiweka juu ya paja, akaushika mkono wa kulia kama mzigo na kuuweka juu yake. Kidole gumba kikatikisika. Mama alitoka akaenda kulia jikoni.

Na kuhusu Kapteni Almaro, mdogo wangu, unamkumbuka ulimjulia wapi? Si kwenye katuni. Ulikuwa hata shule hujaanza, baba akatoka Korogwe na misumari ya kiwanda cha mbao imefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha picha. Aliinyoosha ile karatasi, akaipiga pasi, akaibandika ukutani pa kitanda chako. Alikuwa anakwambia huyu ni Mshambaa, angalia, hatembei bila blanketi. Ulilala unamwangalia huyo mtu miaka mingi. Hivyo ukisikia yeye ndiye aliyemtaka Almaro, usishangae. Karatasi bado ipo ukutani. Aliyekataa isitolewe ulipoondoka ni yeye.

Mnara wa Saa umefika. Sina la kuongeza, ndiyo bora kuliko zote na Kariakoo yako haijui kitu. Hakuna anayemkimbiza. Anapanga jiwe, anakosea, Kapteni anakuna kichwa, naye baba anakuna chake kwa mkono wa kushoto. Kwenye jina anabonyeza tu bila kuchagua, kwa hiyo jina lake ni AAAAAAAA. Mkono unaamka kidogo kidogo. Jumatano ameshika kijiko.

Hiyo shikamoo ya mlangoni nimeielewa. Zamani sikuielewa, nilidhani ni kiburi. Sikulazimishi. Nakuomba tu ufikiri, na usikawie kufikiri, kwa sababu madaktari hawakutuahidi kitu. Wanasema ugonjwa huu hupenda kurudi.

Faudhia


Magamba
8 Julai 1998

Mdogo wangu,

Mwezi wa sita wote nimekwenda posta Lushoto kila nikishuka sokoni, na kila mara karani anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Sijui barua yangu ya Mei imepotea au umeipata umeshindwa. Kama umeshindwa, sina neno nawe. Hii naandika hata hivyo, maana jambo lililotokea nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Mama hajambo. Peasi zimemalizika, baridi imeanza ya kweli, tunakula tumejifunika, baba na blanketi lake la kijivu mbele ya televisheni. Hamisi anasema tuna Almaro wawili nyumbani.

Jumapili jioni umeme ulikuwepo. Mama aliniambia nirudie kusoma barua yako ya Mei, ile ya chumba chenye dirisha, kwa sababu mpya hakuna. Tangu nilipoipata nilikuwa nairuka ile sehemu ya mlangoni. Safari hii nikasema liwalo na liwe, nikaisoma yote. Buti, kamba, begi, honi ya basi. Kila neno, na sikutia langu. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikajuta, nikainuka nikapike chai.

Niliporudi alikuwa amewasha mashine mwenyewe. Ilikuwa pale inapoomba jina. Lakini safari hii hakubonyeza ovyo, alikuwa anausogeza ule mshale. Kwa kidole gumba cha kulia, Jafari, hicho kilichokufa. Kinasogea, kinapita herufi, kinarudi. Jasho linamtoka na baridi yote ile. Akaweka M. Mama akatabasamu, akajua anaandikiwa yeye, Mwanaidi, mke wa siku nyingi. Kisha akaweka A, mama akasema, “Amekosea, mrekebishe.” Hamisi akataka kuishika pedi, baba akamsukuma kwa kiwiko. R. A. Chai ilipoa. Alipoweka herufi ya mwisho nafasi zote nane zilikuwa zimejaa, na pale juu ya mnara uliobomoka, chini ya miguu ya Kapteni, pameandikwa MARAHABA.

Mama husoma polepole. Alipomaliza akauliza, “Anamwitikia nani?” Baba akanyoosha mkono wa kushoto akaonyesha mlango.

Sikuweza kukaa ndani, nilitoka nje kwenye ukungu nikalia mpaka Hamisi akaja kunifuata na kanga yangu.

Hatukutaka kuizima. Tukaiacha inawaka, lakini umeme ulikatika kama kawaida yake, na kama ulivyosema, mashine haikumbuki. Nilisikitika kama mtu aliyefiwa. Jumatatu umeme ukarudi, baba akakaa na blanketi lake, akawasha, na kabla hajabeba jiwe hata moja akaanza upya: M. Jana pia. Leo pia, ninavyoandika hapa yuko kwenye H. Hachoki. Neno linafutika kila tukizima, naye kila tukiwasha analiandika tena.

Nimeona uambiwe.

Dada yako,
Faudhia


Buguruni, Dar es Salaam
9 Julai 1998

Baba, shikamoo.

Dada Faudhia, nawe shikamoo, na unisamehe kwamba safari hii nimeanza na mwingine. Barua yako ya Mei ninayo. Nimekuandikia majibu mengi na yote nimeyachana, kwa sababu kila moja lilianza kwa kujitetea. Tangu hiyo sijapata nyingine kutoka kwako, na sitaki kungoja nyingine. Naomba hii umsomee kwa sauti kama ilivyo, usipunguze wala usitie chochote.

Baba, nilisema siwezi kukupa shikamoo ya pili kabla ya kwanza haijaitikiwa. Nimeikalia hiyo kauli mwezi mzima, nikaona ni maneno ya mtoto anayesusa chakula. Shikamoo ni yangu kutoa. Kuitikia ni kwako, na ukishindwa, au ulimi ukikataa, au hata usipotaka, mimi nitaamkia tu. Sidai jibu.

Ile karatasi ya Korogwe naikumbuka. Ilikuwa na tundu la msumari kwenye goti la Kapteni, ukaniambia ni kidonda cha kazini.

Tajiri amenipa ruhusa. Nitapanda basi la Lushoto Jumamosi hii, kwa hiyo huenda nikafika kabla ya karatasi hii. Dada, nakuja na pedi ya pili. Ule Mnara wa Saa una hatua ya mwisho ambayo mtu mmoja hawezi, lile jiwe la juu hubebwa na wawili. Mwambie baba asiharakishe kulifikia.

Nitaingilia mlango ule ule.

Jafari